Maji Mekundu ya Syntiche

Kijiwe chetu kiko pale njia ya Kasungami inapoteremka kuelekea kisimani, ubavuni mwa duka la dawa lililofungwa zamani. Kuna benchi moja ndefu ya mbao, mbabula ya Djuma yenye makaa, birika lake la kahawa ya tangawizi, na cherehani yangu chini ya kipande cha bâche kinachonikinga jua. Mimi nashona, sikai kwenye benchi, lakini masikio yangu yanakaa pale hata macho yakiwa kwenye sindano. Ulikuwa mwezi wa kumi, joto lile la kabla ya mvua, vumbi mpaka kwenye meno. Bomba za mtaa zilikuwa zimekauka, na sisi wote, wa juu na wa chini, tulikuwa tunachota kwenye kisima kimoja.

Wenye benchi walikuwa wawili. Wa kwanza ni Papa Mbuyi, mtu wa Kasai, aliyeuza vipuri vya magari miaka mingi kule Kenya, ule mtaa wa mjini, si nchi, kabla ya kujenga huku nje. Tunamwita Ministre, kwa sababu kila jambo analisema kama ametoka kulisikia kwenye kikao cha serikali. Wa pili ni Mapalo, fundi wa umeme, jina lake la kijiweni Courant. Djuma mwenye kahawa alikuwa anawasikiliza tu. Wazazi wake walitoka Maniema, na upole wao aliurithi wote. Watu wengine walikuja wakaenda, lakini hao watatu ukiwakosa asubuhi, jua kuna msiba.

Asubuhi ninayoisema, Courant alifika akakaa bila kusalimia. Djuma alimpa kikombe, akakishika tu. Ministre alimuuliza kama ameunguzwa na waya.

— Nimetoka kwa Syntiche, Courant alisema. Aliniita nitengeneze ile pompe yake ya hewa. Papa Mbuyi, ile maji yake haiko vert tena, kijani imeisha. Iko nyekundu. Nyekundu kama damu.

Syntiche tulimjua. Ni binti wa mtaa, alisoma biolojia chuo kikuu, akakodi kiwanja chenye ukuta wa matofali pale juu ya kisima. Ndani alichimba mabeseni mapana, kina chake hakifiki gotini, akayatandika plastiki na kuyazungushia matofali. Alipoanza alitueleza kwamba anafuga mimea midogo isiyoonekana kwa macho, jamaa ya ule ukijani unaoota kwenye pipa la maji lililosahauliwa. Tulicheka siku ile. Ministre alisema huyu mtoto amesoma mpaka amefika kufuga utelezi. Kisha tukamsahau. Maji ya kijani hayamtishi mtu.

Mekundu ni mambo mengine. Mwaka uliopita kijito cha upande wa chini kilishuka kimebadilika rangi, kikitoka kwenye kiwanda kimoja kinachoosha madini. Samaki walielea matumbo juu, watoto waliooga mle walijikuna wiki nzima, na wakubwa wa kiwanda walikuja na kofia zao za plastiki kutuambia hakuna shida. Tangu hapo, ukisema maji mekundu mtaani kwetu, watu hawaulizi ni mekundu kiasi gani. Wanaanza kuhesabu watoto wao.

Ministre alikuwa wa kwanza kutoa maelezo. Kwa maoni yake, kile kiwanda kimekosa mahali pa kumwaga uchafu wake, basi kinamtumia binti wa mtaa ili mtaa usiseme. Courant aliona hapana, harufu ya asidi anaijua, ile haikuwa asidi. Yeye aliona ni rangi ya kutengenezea mawese ya uongo, yale yanayouzwa sokoni, ukikaanga nayo sufuria inabaki na doa. Ministre alifikiri kidogo, akasema mawese hayahitaji pompe ya hewa. Kitu kinachopewa hewa ni kitu kinachopumua. Na kitu chekundu kinachopumua ndani ya maji, juu ya kisima cha watu, kimewekwa pale na mtu anayetaka kuona sisi tutafanya nini tukikinywa. Alisema sisi wa pembeni ya mji ndio wa kujaribiwa, kwa sababu tukifa hakuna atakayekuja kuandika.

Hapo wapita njia walikuwa wameanza kusimama. Kila aliyesimama aliondoka na kipande chake cha habari.

Niliinua kichwa, nikawaambia kwamba Syntiche yuko pale juu, hatua chache tu, na mlango wake unabishwa hodi kama milango mingine.

— Mama Gaëlle, Ministre alinijibu, mutu anayeficha kitu, ukimuuliza anakufundisha tu namna ya kudanganyika.

Wakati wote huo Djuma alikuwa na birika mkononi. Alimmiminia Courant kahawa juu ya kikombe kilichokuwa bado kimejaa, ikamwagika mpaka kwenye kiatu. Aliomba msamaha mara nyingi kupita kiasi. Mimi nilijua sababu. Amida, bibi yake wa ndoa, alikuwa anafanya kazi kwa Syntiche tangu baridi ilipoisha. Wiki hiyo hiyo alikuwa ameniletea blauzi yake niipanue kiunoni, kwa sababu tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, na kucha zake zilikuwa na rangi ya chungwa ambayo haikuwa vernis ya kupaka. Hakuna mtu wa benchi aliyejua anafanya kazi wapi. Djuma alikuwa amewaacha waamini kwamba anamsaidia dada yake mjini.

Mchana, wengine walipotawanyika, Djuma alisogea kwenye cherehani yangu akijifanya anatafuta kisanduku cha kiberiti.

— Mama Gaëlle, we unajua rangi. Ile rangi ya mu kucha ya Amida, inaweza kupita mu ngozi, ifike ku mutoto?

Nilimwambia najua rangi za kitambaa, za watu sizijui. Nikamuuliza kama amemuuliza Amida mwenyewe.

— Naogopa. Akinijibu, nitakuwa nimejua.

Akanieleza yale ambayo nilikuwa nimeyasikia nusu. Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hii. Hii ilikuwa imevuka mahali ambapo zile nyingine hazikuvuka, na nyumbani kwao hawakuitaja kwa sauti, wasije wakaishtua. Tena kulikuwa na jambo la kahawa. Watu wakisikia kwamba mikono inayoosha vikombe vyake nyumbani ndiyo inayochezea maji mekundu ya Syntiche, nani atakunywa kwake? Alisema hayo akiangalia chini, kama vile mimi ndiye nilikuwa namtuhumu.

Kesho yake tuliamka na habari kwamba mtoto mmoja wa njia ya pili ametapika usiku kucha. Joto lile, na kisima kile, watoto hutapika kila mwaka. Lakini safari hii kutapika kulikuwa na jina. Vijana wa mtaa walijaa kijiweni, na Courant aliombwa aeleze tena. Sasa katika maelezo yake maji yalikuwa yanatoa povu, na kando ya beseni alikuwa ameona mbwa amelala. Mmoja akauliza mbwa alikuwa mzima au amekufa. Courant akasema hakuangalia vizuri. Niliuona uso wake. Alikuwa ameanza kuogopa maneno yake mwenyewe, lakini yalikuwa yamekwisha kutoka, na watu walikuwa wamesimama.

Ministre alisema twende kwa utaratibu, tuunde kamati. Hakuna aliyemsubiri. Djuma aliteremsha birika kutoka kwenye makaa, akaliweka chini kwa uangalifu kama mtu anayetoka kidogo tu, kisha akatembea mbele ya wote. Niliacha blauzi ya mtu kwenye sindano, nikafuata.

Syntiche alifungua mlango mwenyewe. Ni mwanamke mwembamba, na siku hizo alikuwa amekonda zaidi, macho yamezama kama ya mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Nyuma yake tuliyaona mabeseni. Sitasema uongo, nilirudi nyuma hatua moja. Manne yalikuwa mekundu sana, mekundu ya matofali yaliyolowa, na jua lilikuwa limeyakalia bila kivuli chochote. La tano, pale pembeni chini ya matete, lilikuwa bado la kijani. Katikati alisimama Amida, kitambaa kichwani, tumbo mbele, mti wa kukorogea mkononi.

Ministre alimwona. Kisha akamwangalia Djuma. Watu wote wakamwangalia Djuma.

Syntiche hakukasirika. Aliuliza nani mgonjwa, akasikia habari ya mtoto, akasikitika. Halafu akaeleza, polepole, kama anayejua kwamba nafasi ni moja.

— Hii mimea, ikikula vizuri inabakia vert, kama ile ya pale. Ile mingine nimeikatia chakula. Nimeitolea kivuli, jua inaipiga. Inaona kama itakufa, njo inatengeneza hii rangi ya kujikingia. Ile rangi njo bantu banatafuta, ya chakula ya samaki, ya mafuta ya ngozi.

— Donc, basi unaitesa, Ministre alisema.

— Ndiyo, Papa. Kidogo. Nikiilegezea mbele ya wakati, inarudia kijani. Nikizidisha, inakufa yote. Tangu juma mbili silale sababu ya hiyo. Kesho njo nilipaswa kuvuna.

Watu walichungulia lile la kijani, kisha yale mekundu. Walikuwa wanaelewa, niliona wanaelewa. Courant aliinama akachungulia beseni, akasema kwa sauti ndogo kwamba kweli povu haliko. Mbwa alikuwa pale pale mlangoni, mzima, anajikuna.

Ndipo mwanamume mmoja wa nyuma, sikumwona uso, aliuliza kama maji yale yanaweza kunyweka. Swali lilikuwa la haki. Na Syntiche alikuwa mtu wa kusema kweli. Alijibu kwamba ile rangi ikisafishwa na kukaushwa watu wanaimeza kama dawa, lakini maji ya beseni si ya kunywa, hata yale ya kijani si ya kunywa.

— Amesema mwenyewe, ile sauti ikajibu. Haiko ya kunywa. Na iko juu ya kisima yetu.

Baada ya hapo sikusikia neno la mtu mmoja mmoja. Watu walisukumana mlangoni. Djuma aliruka, akamshika Amida mkono, akamvuta mpaka ukutani na kumkinga kwa mgongo wake. Ministre alikuwa anasema utaratibu, utaratibu. Courant alisimama mbele ya beseni la kwanza mikono imetandazwa, akiwaambia wangoje, amekosea, wangoje. Walimzunguka tu. Mtu akavuta tofali, mwingine akapasua plastiki kwa kisu, na maji yakatoka.

Hayakutoka kwa fujo. Yalitoka taratibu, mazito, yakabeba vumbi na majani makavu, yakapita chini ya miguu yetu, yakatoka mlangoni. Beseni la pili, la tatu. Syntiche aliketi juu ya ndoo, akawatazama, hakulia. Watu walirudi nyuma wasiloweshe viatu, na wakati wanarudi nyuma waliyafuata maji kwa macho, kwenye mfereji, chini ya mteremko. Amida ndiye aliyesema.

— Kisima.

Ukuta mdogo wa kisima chetu umebomoka upande wa juu tangu mvua za mwaka jana. Kila mtu alijua, kila mtu alikuwa amesema utatengenezwa. Tulikimbia. Wenye majembe walichimba, wasio na majembe walikusanya udongo kwa mikono. Ministre na umri wake wote alipiga magoti kwenye mfereji akazuia kwa kifua na koti lake la kijivu. Mengi tuliyapeleka pembeni, yakanywewa na ardhi. Lakini si yote. Uzi mmoja mwembamba, kama utepe ninaoshonea magauni ya ubatizo, ulipita kati ya mawe, ukaingia. Tuliuona ukiingia. Tulikuwa watu wengi pale na hakuna aliyeweza kusema hakuuona.

Syntiche alifika wa mwisho. Watu walimfungulia njia kama anavyofunguliwa daktari. Sasa kila mmoja alitaka kusikia neno lake.

— Mwanangu, Ministre alimwambia, magoti yake bado matope, tuambie. Iko sumu ao haiko sumu?

— Ile rangi yenyewe haina neno.

— Basi tunaweza kunywa.

Syntiche aliutazama mfereji, akaufuata kwa macho kutoka juu mpaka chini. Ulikuwa umepita nyuma ya choo cha jirani, ukapita kwenye jalala, ukapita mahali ambapo fundi mmoja humwaga mafuta machafu ya magari.

— Papa, maji imepita mu yote ile. Siwezi kukuambia munywe. Siwezi kukuambia pia munaweza kufa. Bapime kwanza.

Nadhani kama angesema ni sumu tungejua la kufanya. Kama angesema si sumu tungempenda. Alijaza chupa kisimani, akaifunga vizuri, akapanda pikipiki kwenda mjini kwenye maabara ya chuo. Nguo zake zilikuwa nyekundu mpaka magotini, na watu wa njiani walimtazama.

Nilipopanda kuchukua ndala yangu iliyobaki mlangoni, niliwakuta Djuma na Amida wameketi kando ya beseni la kijani, ambalo watu hawakuligusa, kama lile jekundu la mwisho. Djuma alikuwa ameshika vidole vya Amida, anavigeuza geuza kwenye mwanga. Nilitaka kurudi, lakini walikuwa wameniona, na hawakunyamaza.

— Alinipa ba gants za kuvaa mikono, Amida alikuwa anasema. Mikono ilikuwa inaniungua na joto, nikazitoa. Njo maana ya kucha.

— Na mutoto?

— Nilienda ku dispensaire. Moyo yake inapiga vizuri. Juu ya rangi, infirmier, ule muuguzi, alisema hajue, hajaionaka. Mbona hukuniuliza tangu mwanzo?

— Nilikuwa naogopa.

— Na mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa nangoja uniulize.

Djuma aliweka mkono juu ya tumbo lake, hapo hapo mbele yangu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kisha akainuka, akavuta matete kidogo ili kivuli kimfikie bibi yake.

Asubuhi iliyofuata alikuja kijiweni kama kawaida. Sikutegemea. Birika alikuwa amelijaza kwa maji ya mwisho ya pipa la nyumbani kwake, yaliyochotwa kabla ya siku ile, na alitangaza hivyo mwenyewe kabla mtu hajauliza. Akatangaza pia kwamba bibi yake anafanya kazi kwa Syntiche na ataendelea. Ministre alinyoosha kikombe wa kwanza. Nilimheshimu kwa hilo.

Watu walikuwa wengi kuliko benchi. Syntiche alikuwa amepigiwa simu mara kadhaa na alijibu kila mara kwamba bado. Basi maneno yakaanza upya, maana watu wenye wasiwasi hawawezi kukaa na neno bado peke yake. Mmoja alisema amesikia ile rangi huko nje inauzwa kama vitamini ya macho, labda sasa tutaona mpaka uwanja wa ndege wa Luano bila miwani. Mwingine alisema hapana, kitu kilichoteswa hubaki na hasira, na ukikinywa hasira yake inakuingia tumboni. Ministre alianza kueleza kwamba kisima kina tabaka, kwamba chekundu hukaa juu na cheupe chini, kwamba ukiteremsha ndoo haraka utavuka tabaka la kwanza. Alieleza vizuri sana. Hakuna aliyeinuka kwenda kujaribu. Courant alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono katikati ya magoti. Mtu alipomtania kuhusu mbwa, aliinamisha kichwa tu.

Yule mtoto wa njia ya pili alikuwa amepona. Mama yake alipita akiwa amembeba mgongoni, mtoto anakula mkate. Hakusimama, na sisi hatukumwita.

Djuma alimimina mpaka birika likaanza kutoa machicha. Alilitikisa, akalisikiliza, akaliweka kando ya makaa yaliyokuwa bado yanawaka vizuri.

Wakati huo alikuja mwanamke mmoja ambaye hatukumjua, kijana, kitenge kimefungwa juu ya gauni, bidon la njano la kuchotea maji mkononi. Alitusalimia wote kwa heshima, wazee kwanza. Alisema wamehamia juzi tu kutoka Kenya ya mjini, nyumba ile yenye mlango wa bluu, na kwamba amefika kisimani amekuta watu wameweka matawi ya mti juu yake na hakuna mtu wa kumweleza. Ministre alimpisha nafasi akae, akamweleza yote, tangu pompe ya hewa mpaka chupa iliyokwenda mjini. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

— Asante, Papa, alisema. Basi leo tunachota wapi?

Ministre alinyoosha kidole kuelekea kisimani, akakirudisha. Kisha akamwangalia Courant, na Courant akaniangalia mimi, na mimi nikamwangalia Djuma, ambaye alikuwa anatazama juu, kwenye kiwanja cha Syntiche, ambako Amida alikuwa ametoka mlangoni na kusimama, mkono juu ya macho, akitazama njia inayotoka mjini.

Mwanamke alingoja. Bidon lake halikuwa na kitu, na upepo wa vumbi ulipokuja, lilitoa mlio.